Neva za fuvu: lugha ya kuzipima

neva za fuvu nm [i-/zi-] jozi 12 za neva zinazotoka moja kwa moja katika ubongo na shina lake, tofauti na zile zinazochipuka katika uti wa mgongo. Huhudumia pua, macho, masikio, uso, kinywa, koo na shingo. Ya kumi pekee hushuka hadi kifuani na tumboni. Matabibu huzitaja kwa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na mbili.

Baadhi ya maandishi hutumia mshipa wa fahamu mahali pa neva. Istilahi hiyo inaeleweka, lakini ina walakini. Mshipa ni wa damu, ni neva, na katika mazungumzo ya kawaida ni ngiri pia. Fahamu nayo ndiyo ile tunayoipoteza tunapozimia. Mkulima wa Soni akiambiwa kwamba mshipa wake wa fahamu umeathirika, ana haki ya kudhani kwamba akili yake inatiliwa shaka, ilhali kilicholegea ni shavu. Katika maandishi, neva inatosha. Mbele ya mgonjwa, itajwe kwa kazi yake: neva inayosogeza uso, neva inayogeuza jicho.

Upimaji wenyewe hauhitaji mitambo mikubwa. Kurunzi, kipande cha pamba na kitu chenye harufu hutosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Kinachobaki ni maneno. Katika hospitali ya wilaya mjini Lushoto, au ile ya Bumbuli, tabibu aliyekulia mbali na milima ya Usambara anaweza kukutana na bibi aliyezaliwa katika Kisambaa, wote wawili wakizungumza Kiswahili kama lugha ya pili. Hapo kitenzi kisicho bayana huweza kuzaa ugonjwa usiokuwepo, au kuuficha uliopo.

Mfano mkubwa ni sikia. Mswahili husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia maumivu. Matumizi haya yote ni sanifu na wala hayahitaji kusahihishwa. Lakini swali “Unasikia?” lina hatari katika chumba cha uchunguzi. Tabibu anapogusa shavu kwa pamba ili kupima neva ya tano, mgonjwa aliyefumba macho anaweza kujibu “Ndiyo” kwa kuwa amesikia sauti ya aliyeuliza. Afadhali aambiwe, “Kila nikikugusa, sema ‘sasa’,” au aulizwe, “Nimekugusa wapi?” Kwa neva ya kwanza kitenzi ni nusa, na swali ni “Hii ni harufu ya nini?” Tundu moja la pua huzibwa, jingine hupimwa. Kahawa iliyosagwa au iliki, mazao yote mawili ya Usambara, hufaa kabisa. Spiriti na amonia hazifai, kwa sababu mwasho wake huchochea neva ya tano hata kama ya kwanza imekufa.

Macho yana neva nne. Ya pili hupimwa kwa kusoma herufi ukutani. Asiyejua kusoma huonyesha kwa mkono miguu ya herufi E imeelekea wapi. Ya tatu, ya nne na ya sita hupimwa kwa kufuata kidole bila kugeuza kichwa.

Neva ya saba ndiyo inayodai uangalifu zaidi wa lugha. “Kunja uso” haifai: kwa msikilizaji ni kununa. Isemwe, “Inua nyusi kama aliyeshangaa,” kisha, “Fumba macho kwa nguvu, nisiweze kuyafumbua.” “Tabasamu” nayo hupotosha, kwani tabasamu la furaha hupitia njia nyingine ubongoni na huweza kubaki wakati ile ya hiari imepotea, kenua meno ndilo tendo linalotakiwa, ingawa neno lenyewe ni kali kidogo kwa mtu mzima na “nionyeshe meno” ni la adabu zaidi. Paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa hiyo mtu ambaye mdomo umekwenda upande lakini paji bado linakunjamana pande zote mbili ashukiwe kuwa na kiharusi na aharakishwe hospitali. Nusu nzima ya uso ikilegea, paji likiwemo, shaka huelekea kwenye neva yenyewe.

Kwa neva ya nane, kabla ya kunong’ona karibu na sikio, iulizwe dawa aliyotumia mgonjwa. Kule Amani, Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902, mkwinini ulipandwa. Na kwinini ikizidi mwilini huleta mvumo masikioni na kupunguza usikivu.

Ya kumi na moja hupimwa kwa kuinua mabega na kugeuza shingo dhidi ya mkono wa tabibu. Kugeukia kushoto hupima msuli wa kulia. Ya kumi na mbili ni ya ulimi, ambao ukitolewa huelekea upande dhaifu. Lakini kumtolea mtu ulimi ni utovu wa adabu. Mzee huchomoza ncha tu, kwa haya, na udhaifu huonekana pasipokuwepo. Tabibu kijana aanze kwa “Shikamoo” na “Kunradhi, bibi,” ndipo autoe wake kwanza.

Neva ya tisa na ya kumi hutazamwa mgonjwa akisema “aaa”: kaakaa laini hupanda, na upande mmoja ukidhoofika kimeo huvutwa kuelekea upande mzima. (Kimeo cha mitaani, kitu kibovu au balaa, ni maana nyingine.) Kwa kuwa kukata kimeo ni tiba ya jadi iliyoenea Tanzania, wengine hawanacho, basi litazamwe kaakaa. Masikio nayo husaidia. Kaakaa lisipofunga njia ya pua, “baba” husikika kama “mama”, na “dada” kama “nana”. Midomo, yaani neva ya saba, hupimwa kwa “papa”. Ulimi kwa “tatu”. Nyuma ya kinywa kwa “kaka”. Anayebadilisha l na r asihesabiwe mgonjwa kabla jamaa yake hajaulizwa kama ndivyo alivyokuwa akisema siku zote.