Ufito Uliomo Ndani ya Neno Kanuni

Neno kanuni lilitufikia kupitia Kiarabu, na wengi huishia hapo wanapotafuta asili yake. Kiarabu nacho kililipokea kutoka Kigiriki, kanōn, neno ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na kanna, yaani tete. Na kanna yenyewe ilitoka katika lugha za Kisemiti: tete kwa Kiebrania ni qaneh, kwa Kiakadi ni qanû. Neno lilipoingia Kiarabu, basi, lilikuwa limerudi kwa jamaa zake, ila lilirudi na maana ambayo halikuondoka nayo.

Maana hiyo haikuwa amri. Katika Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki, kanōn ni ufito wa ngao au ufito wa mfumaji. Kwa waashi ni mti ulionyooka wa kukagulia kama jiwe limekaa sawa. Polykleitos, mchongaji wa karne ya 5 KK, aliandika kitabu juu ya uwiano wa viungo vya mwili akakiita Kanōn. Wanamuziki nao walikiita hivyo kifaa cha uzi mmoja cha kupimia sauti, na jina hilo bado tunalo katika kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu ya Zanzibar. Kote huko ni kipimo. Na hapa ndipo tofauti ilipo: amri ina mwenyewe, kipimo hakina. Ufito haubadiliki kwa cheo cha aliyeushika.

Aristotle alilipeleka neno mbali zaidi. Katika kitabu cha 5 cha Nicomachean Ethics anataja kanōn ya madini ya risasi waliyoitumia wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, iliyopinda kulifuata jiwe. Hakuitaja ili kuibeza. Alikuwa akieleza epieikeia, ule uadilifu unaoisahihisha sheria pale inapokosea kwa kuwa imesema kwa ujumla, ilhali mambo ya watu hayana umbo moja. Naona ajabu kwamba neno lililobeba unyoofu ndilo alilolichagua kuelezea kipimo kinachopinda, na bado kikabaki kipimo.

Kwetu, kanuni ni jina la masharti anayotunga waziri chini ya sheria iliyopitishwa na Bunge, na Bunge lenyewe huendesha mijadala yake kwa Kanuni za Kudumu. Matumizi hayo ni halali. Ninachokataa ni ile kauli ya ofisini, "kanuni ni kanuni", anayoambiwa mtu ambaye shida yake haikutazamiwa na aliyeandika fomu. Msemaji hudhani anailinda kanuni, kumbe ameigeuza amri, tena amri yake mwenyewe, kwa kuwa ameacha kupima. Mjane asiye na cheti anarudishwa nyumbani bila hata kuulizwa kwa nini hana. Mjenzi wa Lesbos angeanza kwa kulitazama jiwe.