Jina Ndani ya Orodha: Utumwa katika Kumbukumbu za Mirathi za Kaunti za Awali za Texas

Orodha ya mali ya marehemu ni miongoni mwa matini ambazo mhakiki wa fasihi huzipita bila kuzitazama. Haina msimulizi anayejitambulisha wala ploti, na lugha yake ni ile kavu ya karani. Hata hivyo, kwa mtafiti wa utumwa katika kaunti za mpakani zilizoundwa na Jamhuri ya Texas baada ya 1836, ni nadra kupata matini inayosema mengi zaidi. Mwanahistoria Randolph B. Campbell alilidhihirisha hilo katika kitabu chake cha 1989 kuhusu utumwa wa Texas. Makala haya yanakusudia kuitazama orodha hiyo kama usemi, wala si kama ghala la takwimu tu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Mwenye mali alipofariki, mahakama ya mirathi ya kaunti ilimthibitisha wasii au kumteua msimamizi. Kisha wathamini wakaandika kila kilichokuwapo na bei yake kwa dola: ardhi, plau, nyumbu, vitanda, watu. Sarufi ya orodha haitofautishi nyumbu na mtu. Vyote ni nomino zinazofuatwa na tarakimu.

Lakini hapo ndipo matini inapojisaliti. Ili mali igawanywe bila ugomvi, sharti itambulike, na mtu hatambuliki bila jina. Kwa hiyo karani, pasipo kukusudia wema wowote, aliandika majina na umri, na aghalabu akamtaja mama pamoja na mtoto wake mchanga kwa thamani moja. Linganisha na sensa. Majedwali ya watumwa ya 1850 na 1860 kwa kawaida yaliandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana, pasipo jina la mtumwa mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyohesabiwa watu 182,566 wa Texas mwaka 1860. Serikali ilitaka hesabu tu, ilhali warithi walitaka uhakika, na uhakika huo ndio uliohifadhi majina ambayo sensa iliyatupa. Baba, hata hivyo, haonekani ila kwa nadra. Ndoa ya watumwa haikutambuliwa na sheria, na hali ya mtoto ilifuata ile ya mama. Karani hakuwa na sababu ya kumtafuta baba.

Kifo cha bwana, basi, kilikuwa msiba wa aina mbili. Warithi walipogawana, familia za watumwa nazo ziligawanywa. Warithi walipokuwa watoto wadogo, watumwa waliweza kukodishwa kwa mwaka mzima kwa faida ya mayatima. Karo ya yatima wa kizungu ililipwa kwa jasho la yatima mwingine ambaye hakuitwa yatima. Wala wasia haukuwa njia rahisi ya uhuru. Mexico ilikuwa imetoa amri ya kuukomesha utumwa mwaka 1829, ingawa Texas ilisamehewa amri hiyo. Katiba ya Jamhuri ya 1836 ikafunga mlango kabisa. Bwana hakuruhusiwa kumwacha huru mtumwa wake bila idhini ya Bunge, isipokuwa ampeleke nje ya nchi. Neno la marehemu, ambalo sheria ililienzi alipogawa ng'ombe, lilinyimwa nguvu alipotaka kumpa mtu uhuru wake.

Kisa cha Joe kinayakusanya haya yote. Alikuwa mtumwa wa William Barret Travis, kamanda wa ngome ya Alamo iliyotekwa tarehe 6 Machi 1836. Travis aliuawa, Joe akanusurika. Wiki mbili baadaye aliwasimulia mawaziri wa serikali mpya jinsi ngome ilivyoanguka, na William Fairfax Gray aliyekuwapo akaandika habari hizo katika shajara yake. Mawaziri walimsikiliza na kumsadiki, huku sheria ya nchi yao ikimnyima mtumwa haki ya kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Alipomaliza kusimulia hakupata uhuru. Alirejeshwa katika mirathi ya bwana wake, mali ya watoto wawili wa marehemu, chini ya uangalizi wa wasii, John Rice Jones.

Tarehe 21 Aprili 1837, Jamhuri ilipokuwa inaadhimisha mwaka mmoja tangu ushindi wa San Jacinto, Joe alitoroka pamoja na Mmexico mmoja na farasi wawili. Mwezi uliofuata wasii alitangaza habari hiyo katika gazeti la Telegraph and Texas Register. Tangazo hilo ni ndugu wa orodha ya mirathi: linamtaja mtu kwa jina ili arudishwe kuwa mali. Wasii, kwa mujibu wa wajibu wake kwa warithi, aliahidi zawadi ya dola 50.