Karani wa Mizani

Kila anayesimulia historia ya Malampaka huanza na treni, na ana haki. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na stesheni iliyowekwa hapa kwetu, wilayani Maswa, ndiyo iliyoleta maduka, maghala na wageni. Mimi huanza na mizani. Nimekuwa karani wa pamba, na kwa macho yangu mji huu umejengwa na kilo zilizosomwa kwa haki, na umeumizwa na kilo zilizoibwa.

Kwa Wasukuma wa zamani, mtu aliyefanikiwa alijulikana kwa ng'ombe wake. Pamba ilipokolea, vikaongezeka vitu vingine: nyumba ya bati, baiskeli, cherehani ya mke barazani. Baba yangu alivitaka vyote hivyo na akavifanyia kazi kwa jembe. Lakini nilipomuuliza ni nani alikuwa mtu mkubwa kijijini enzi za ujana wake, hakumtaja mwenye ng'ombe wengi. Alimtaja mpimaji.

Ili kumwelewa, lazima turudi miaka ya mwisho ya 1940. Pamba ya Kanda ya Ziwa wakati huo ilinunuliwa na wafanyabiashara na wenye viwanda vya kuchambulia, wengi wao Wahindi. Mkulima alifika na mzigo aliolima, akapalilia na kuchuma yeye na watoto wake, kisha akasimama mbele ya mizani asiyoweza kuisoma. Aliambiwa ratili kadhaa, akapewa senti zake, akaondoka. Si kila mnunuzi alikuwa mwizi, ila mkulima hakuwa na namna ya kumjua aliye mwizi na asiye. Nadhani hilo lilimuuma kuliko hata senti zilizopungua: kazi ya mwaka mzima inahukumiwa mbele yako, nawe huna la kusema.

Jibu la wakulima wa Usukuma lilikuwa jepesi na la kijasiri. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakawalipa wenyewe, wakawasimamisha kwenye vituo vya kununulia wahakikishe uzito kabla mnunuzi hajataja neno. Mwaka 1952 juhudi hizo ziliunganishwa katika chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa chini ya Paul Bomani, kijana ambaye alikuwa bado hajafika miaka 30, na ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1955 vyama vya msingi vilikusanyika chini ya Shirikisho la Victoria, lililokua haraka hadi kuwa miongoni mwa ushirika mkubwa wa Waafrika barani kote. Watu husimulia habari hiyo kama habari ya siasa, na ni kweli. Mimi naona ilianza na mtu mmoja amesimama kando ya mizani, anayeaminiwa na wenzake.

Kwa simulizi ya baba, aliyetafutwa kwanza ni mtu ajuaye kusoma na kuhesabu, na hao walikuwa wachache. Lakini wazee hawakuishia hapo. Waliuliza: huyu amewahi kuachiwa mifugo ya mwenzake akairudisha na ndama wake? Akiitwa kuamua ugomvi wa mipaka, pande zote mbili hukubali kukaa chini? Waliopita hapo ndio walioshika mizani. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na baba hakukumbuka hata mmoja aliyetajirika. Alikumbuka kwamba wakipita njiani, watu waliokuwa wamekaa walisimama kuwaamkia.

Ushirika huo ulipitia mengi. Serikali iliuingilia miaka ya 1960 ulipolemewa na matatizo ya uendeshaji, na mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, pamba ikawa inanunuliwa vijijini kwa niaba ya mamlaka ya serikali. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Muda si mrefu baadaye chama chetu cha msingi kilitafuta karani, nami nikaomba. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza kama mwanamke ataweza kubishana na wanaume wenye magunia. Nilimwambia kwamba mizani haibishaniwi, inasomwa.

Tulikuwa na mizani ya rula. Gunia linaning'inizwa kwenye ndoano, unasogeza jiwe juu ya rula polepole mpaka rula itulie usawa, haijainuka wala haijainama. Hapo ndipo karani anajulikana. Anayeharakisha husoma rula ikiwa bado inacheza, na katika mchezo ule kilo mbili hupotea bila mtu kuonekana ameiba. Mimi nilisubiri. Nilimwita mwenye mzigo asimame bega kwa bega nami, nikataja kilo kwa sauti, kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili, waliokuwa nyuma kwenye foleni wasikie. Nilitoa uzito wa gunia tupu mbele yake, nikaandika stakabadhi, nikamsomea. Akina mama waliokuja na vifurushi vya kanga niliwapimia vivyo hivyo, hata kama mzigo wote haukuzidi kilo 10.

Ugumu mkubwa ulikuwa kwenye madaraja. Pamba nyeupe isiyo na uchafu ni safi, daraja la kwanza. Yenye madoa na majani ni fifi, na bei yake iko chini. Kumwambia mtu pamba yake ni fifi ni kumgusa pabaya. Na wapo waliomwagia maji au kutia mchanga ili gunia lizidi uzito. Msimu mmoja jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alileta pamba iliyolowa. Niliingiza mkono hadi katikati ya gunia, nikautoa umepoa na unyevu, nikamrudishia akaianike. Watoto wetu walikuwa wakicheza pamoja. Msimu ule wote aliitikia salamu yangu kwa kuinamisha kichwa tu. Uliofuata alileta pamba kavu, akaja na mkwe wake, akamwambia, "Mayu huyu, mama huyu, mpe mzigo, wewe nenda kanywe chai."

Sijapewa cheti wala zawadi inayozidi sentensi ile.

Sisemi fedha si kitu. Nimeona wakulima wakikaa na stakabadhi miezi na miezi bila kulipwa, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, na uaminifu wangu kwenye rula haukuwalisha. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994 na wanunuzi binafsi wakaja na fedha mkononi, nilielewa kwa nini watu walifurahi. Nikaona pia makarani wakijenga haraka kuliko mshahara wao ulivyoruhusu, na kila kijiji kilijua matofali yale yametoka kwenye magunia ya nani. Nyumba hizo zipo mpaka leo, na wenyewe hawaombwi kushika hata daftari la michango ya msiba.

Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012 tulikuwa tayari tunajulikana kwa pamba, na hatujaacha kuongoza nchini. Njia ya reli mpya ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka inapita hapa, na mizani ya kidijitali inaonyesha kilo kwa tarakimu ambazo hata mtoto husoma. Nafurahia vyote. Mjukuu wangu, anayesubiri ajira, aliniuliza kama sijuti kwamba kazi yangu haikuniachia gari. Nilimjibu kwamba nilitaka kuwa mtu ambaye mwenzangu anaweza kumkabidhi jasho la mwaka mzima akaenda zake, na nimekuwa huyo. Hayo ndiyo mafanikio yangu, na niliyapanga tangu mwanzo kama wengine wanavyopanga kununua kiwanja.

Mizani ya kidijitali nayo huwekwa sawa na mtu, na stakabadhi bado huandikwa na mtu. Mkutano mkuu wa chama chetu utakapokaa kuchagua viongozi, wagombea watatueleza shule walizosoma na miradi waliyonayo. Nitawasikiliza, kisha nitauliza swali la wazee waliowachagua wapimaji: ni nani hapa ameachiwa mali ya mwenzake, akairudisha kamili? Kura yangu ni ya huyo.