Kompyuta nne, laini moja: kufikisha waifai vyumba vyote

Katika nyumba nyingi za Mombasa na Lamu siku hizi kuna mahali panapogombaniwa usiku, napo ni ngazini. Si kwa sababu pana upepo, bali hapo ndipo waifai inapofika. Kijana wa chuo ameketi na laptopu magotini, dadake yuko vidato viwili chini yake anatuma kazi ya shule, na chumbani, kwenye meza waliyonunuliwa wasomee, hakuna kitu. Mwisho wa mwezi baba anashauriwa alipie kasi kubwa zaidi. Analipa, na ngazi zinabaki na watu walewale.

Intaneti yenyewe haikosekani hapa kwetu. Kebo ya TEAMS ilitoka Fujairah, chini ya bahari, ikaingia Mombasa mwaka 2009, na SEACOM ikafuata mwaka huohuo. Imekata maelfu ya kilomita salama. Kinachoishinda ni hatua kumi za mwisho, kutoka ukumbini hadi chumba cha ndani.

Pima kwanza, ulipe baadaye

Kabla ya kununua chochote, chukua kompyuta moja uichomeke kwenye ruta kwa waya, si kwa waifai, kisha upime kasi kwa tovuti yoyote ya kupimia. Andika namba. Halafu chomoa waya, nenda na kompyuta hiyohiyo chumbani, upime tena kwa waifai. Ikiwa kwa waya unapata kile unacholipia na chumbani unapata sehemu ndogo tu, basi mwenye kampuni hana kosa, na kuongeza malipo ni kumwaga maji kwenye mtungi uliotoboka. Ikiwa hata kwa waya kasi ni duni, hapo una haki ya kupiga simu ukalalamike.

Katika kupima, tahadhari na jambo moja linalowachanganya wengi. Kampuni huuza kwa megabiti, na kompyuta ikipakua faili huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Laini ya megabiti 10 ikikuonyesha megabaiti 1.2 kwa sekunde hujaibiwa, imefika yote. Video ya picha safi hula takriban megabiti 5, kwa hiyo laini hiyo inatosha watu wawili kutazama kwa pamoja. Wa tatu akianza, wote wataona picha ikisimamasimama.

Ukuta

Mawimbi ya waifai ni redio, na redio hii haina nguvu nyingi. Mbao inapita, pazia inapita, ukuta wa matofali inapita huku ikichoka. Sasa tazama nyumba zetu za kale. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Na kwa kuwa dari hushikwa na boriti za mkoko, ambazo urefu wake una mpaka, vyumba vilijengwa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine: daka, kiwanda, msana wa tini, msana wa juu, kisha ndani. Kila ukivuka chumba umevuka ukuta mwingine. Waliojenga walitaka mgeni aishie dakani, na redio nayo inaishia hukohuko.

Nyumba mpya za ghorofa zina shida yao. Sakafu ya zege ina nondo zilizosukwa kama wavu, na chuma ndicho adui mkubwa wa mawimbi haya. Ruta ya chini mara nyingi haisikiki sawasawa juu hata kama ni hatua chache tu. Mabati, tangi la maji, friji na kioo kikubwa cha kabati pia huyazuia au kuyarudisha yalikotoka.

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 yanakwenda mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole, na mtaa mzima unayatumia. Ya gigahezi 5 ni ya kasi, ila ukuta mmoja wa mawe unaweza kuyamaliza. Kompyuta iliyo chumba kimoja na ruta itumie ya 5, na iliyo mbali itumie 2.4. Katika hayo ya 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Mtaa uliobanana kama Kibokoni utakuta ruta kumi zinapiga kelele kwenye chaneli moja. Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha chaneli za majirani, nawe ukachagua iliyo na nafasi.

Kisha ruta iwekwe wapi? Fundi wa kampuni huiweka pale faiba ilipoingilia, aghalabu nyuma ya mlango wa mbele, kwani anataka kumaliza aende kwa mteja mwingine. Mwombe siku hiyohiyo akuachie waya wa kufikia katikati ya nyumba, juu, karibu na ngazi. Shimo la ngazi ndilo dirisha la pekee la mawimbi kati ya ghorofa na ghorofa, ndiyo maana watoto wamehamia hapo. Usiifungie kabatini, wala usiitie nyuma ya televisheni ati kwa kuwa haipendezi.

Waya mmoja hadi juu

Ukishaihamisha na bado chumba cha ndani ni kikavu, wauzaji watakupa ripita, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi. Mimi sikipendekezi kwa nyumba ya mawe. Chenyewe hupokea mawimbi yaliyokwisha kuchoka, kisha ripita nyingi za bei nafuu hutumia redio moja kupokea na kutuma, hivyo kasi hukatika nusu. Simu itaonyesha mistari yote minne imejaa na ukurasa haufunguki.

Dawa yake ni waya. Vuta kebo ya mtandao, ile inayoitwa Cat5e au Cat6, kutoka ruta ya chini hadi ghorofa ya juu au chumba cha mwisho. Inabeba gigabiti nzima kwa umbali wa hadi mita 100, na hakuna nyumba ya Mji wa Kale inayofika huko. Ipitishe ngazini ndani ya mfereji wa plastiki, isikaribiane sana na waya wa stima. Sisitiza iwe ya shaba tupu. Madukani kuna kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba, nyepesi na rahisi, na ukiikwangua ncha kwa kisu unaiona nyeupe ndani. Aluminiamu hukatika upesi, na hewa yetu ya chumvi haiionei huruma.

Mwisho wa kebo hiyo weka ruta ya pili. Haihitaji kuwa mpya, ile ya zamani iliyolala kabatini yatosha. Lakini kuichomeka tu haitoshi, na hapa ndipo watu wanapokwama, basi fuata taratibu.

Ifute kwanza kwa kubonyeza kitundu cha nyuma kwa sindano, kama sekunde kumi. Iunganishe na kompyuta moja kwa waya, ikiwa bado haijaunganishwa na ruta kuu. Fungua kivinjari, uandike anwani iliyo kwenye kibandiko chake chini, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ndani yake badilisha anwani hiyo ifuatane na ya ruta kuu kwa namba tatu za mwanzo, tofauti iwe ya mwisho. Ruta kuu ikiwa 192.168.1.1, hii iite 192.168.1.250, mradi namba hiyo haimo katika fungu ambalo ruta kuu inagawia vifaa. Itajizima na kuwaka. Rudi kwa anwani mpya, uipe waifai yake jina na neno la siri sawa kabisa na la ruta kuu, lakini chaneli tofauti. Mwisho kabisa zima kitu kinachoitwa DHCP.

Hicho DHCP ndicho kinachogawa namba kwa kila kompyuta na simu inayoingia. Kikiwashwa kwenye ruta zote mbili, ni kama makarani wawili wanaogawa namba za foleni katika ofisi moja bila kuulizana: kompyuta moja inapata intaneti, ya pili haipati, na kesho ni kinyume chake. Ukishakizima, leta kebo kutoka ruta kuu uichomeke kwenye mojawapo ya matundu yaliyoandikwa LAN. Lile tundu la peke yake, aghalabu la rangi nyingine na limeandikwa WAN, liache tupu.

Hapo kompyuta ya mezani karibu na ruta ya pili ichomekwe kwa waya moja kwa moja. Kisichohamahama kisitumie waifai, kiwaachie nafasi wenye simu. Mwenye uwezo anaweza kununua seti za meshi zinazojipanga zenyewe, nazo ni nzuri, ila hata hizo katika nyumba ya mawe ziunganishwe kwa kebo.

Neno la siri na kabati la nyumba

Kompyuta zikishakuwa kwenye mtandao mmoja zinaonana. Printa moja inatumika na wote, na faili la mtoto linafika kwa baba bila flashi. Hiyo ndiyo faida, na ndiyo hatari. Fikiria kilichomo kwenye kompyuta ya nyumba: nakala za vitambulisho, hati ya shamba, na picha za harusi za kina mama, zilizopigwa ndani milango imefungwa na simu zimezuiwa mlangoni. Kisha neno la siri la waifai analo kijana wa jirani, na rafikiye, na fundi wa mfereji aliyekuja Ramadhani iliyopita.

Badilisha maneno mawili, si moja. La kwanza ni la kuingilia waifai. La pili ni la kuingilia ndani ya ruta yenyewe, ambalo wengi hulisahau likabaki lile la kiwandani linalojulikana na kila mtu. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ukikuta WEP, hiyo ilivunjwa zamani na haizuii mtu. Zima pia WPS, kile kitufe cha kuunganisha haraka, kwani namba yake ya siri hubahatishwa kwa programu na dosari hiyo inajulikana tangu mwaka 2011.

Wageni usiwanyime, jambo hilo halitawezekana kwetu. Wafungulie mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi wanao tayari kwenye menyu. Mgeni anapata intaneti bila kuziona kompyuta zako. Na katika kompyuta, shiriki folda moja tu uliyoiandaa, kamwe usishiriki diski nzima.

Stima na mvua

Faiba haibebi umeme. Stima ikikatika mtaani, mara nyingi laini yenyewe ingali hai na kilichozimika ni ruta yako. Kuna betri ndogo za volti 12, UPS za ruta, zinazoiweka macho kwa saa kadhaa, na laptopu ina betri yake. Kabla ya kununua, soma kibandiko cha chaja ya ruta zote mbili ulinganishe volti, kwani ikizidi itaunguza.

Usivute kebo ya shaba kupita juu ya paa kwenda kwa jirani au kwa nyumba ya pili ya familia. Radi ikipiga karibu wakati wa masika, waya huo unaweza kuingiza umeme kwenye nyumba zote mbili na kuchoma kila kilichochomekwa. Baina ya nyumba na nyumba tumia faiba au antena za kuelekezana.

Ukimaliza yote, chukua karatasi uandike anwani za ruta zote mbili, maneno ya siri, chaneli ulizochagua na tarehe, uibandike ndani ya mlango wa kabati ambao mgeni haufungui. Siku mambo yakiharibika, huenda aliyeziunganisha yuko chuoni Nairobi au kazini Muscat, na simu yake haipokewi.