Kumbukumbu za Askari Mzee kama Chanzo cha Historia ya Vita vya Kagera: Mtazamo kutoka Ibadakuli, Shinyanga

Historia ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 imeandikwa zaidi kwa jicho la serikali na makamanda. Makala haya yanajadili nafasi ya kumbukumbu za askari wazee katika historia hiyo. Hoja kuu ni kwamba kumbukumbu ya jenerali haiwezi kusimama badala ya kumbukumbu ya mgambo, kwa kuwa kila moja hujibu maswali yake.

Mfano wa kwanza ni Jenerali David Musuguri wa Butiama, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Alijiunga na King's African Rifles (KAR) mwaka 1942, akatumikia Madagaska wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akawa mkufunzi wa kuruta katika kambi ya Kahawa, Kenya. Idi Amin alikuwa miongoni mwa aliowafunza. Mwaka 1979 Musuguri aliongoza Divisheni ya 20 dhidi ya jeshi la mwanafunzi wake huyo. Historia rasmi hutenganisha jeshi la kikoloni na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huo. Maisha ya mzee huyu yanaonyesha kuwa mafunzo na mafahamiano ya kambini yalivuka mpaka huo.

Hata hivyo, kamanda huona vita kwa ramani. Tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo, wengi wao wasiowahi kupigana, ilishambuliwa Lukaya kwa roketi za Walibya, ikavunjika na kurudi nyuma. Kesho yake ilijipanga upya, na Brigedi ya 208 ikashambulia kutoka upande mwingine, Lukaya ikatwaliwa. Katika taarifa za kijeshi, usiku ule ni hatua fupi kuelekea ushindi. Kwa mgambo aliyekimbia gizani, huenda ndio vita vyenyewe.

Umuhimu wa Ibadakuli, kata iliyo katika Manispaa ya Shinyanga, unatokana na hali hiyo. Mkoa huu uko kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza, na ni wa wakulima na wafugaji. Taarifa za vita huishia Uganda. Mgambo alirudi kwenye jembe na ng'ombe, katika nchi ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa ameitaka ifunge mkanda kwa miezi 18. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa mifugo na ujambazi wa silaha uliwasukuma wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi kuunda Sungusungu. Ray Abrahams, mwanaanthropolojia aliyetafiti Unyamwezi, ni miongoni mwa walioichunguza jumuiya hiyo. Nafasi ya askari waliorejea katika ulinzi huo ni swali linalohitaji sauti zao wenyewe.

Kumbukumbu ya uzeeni ina mipaka: tarehe huchanganyika, na simulizi za redioni huingia katika yale mtu aliyoyaona. Kwa hiyo mtafiti hana budi kuilinganisha na nyaraka na masimulizi ya wenzake. Lakini nyaraka zitaendelea kusubiri makavazini, ilhali kijana wa miaka 20 wa mwaka 1978 amekwisha kuvuka miaka 65. Ukusanyaji wa simulizi za mgambo ni kazi isiyoweza kuahirishwa.