Filimbi ya Mganda na Msimbo wa Muziki: Kanuni za Kupiga katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Muziki unaotungwa kwa kuandika msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyasoma na kuyageuza sauti papo hapo mbele ya wasikilizaji, huhesabiwa kuwa zao la karne hii, na kwa upande wa mitambo hesabu hiyo ni sahihi kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa TOPLAP, jumuiya iliyowaunganisha wapigaji wa aina hiyo, iliundwa Hamburg mwaka 2004, na programu ya Sonic Pi ilitengenezwa na Sam Aaron huko Cambridge mwaka 2012. Hata hivyo, desturi ya kuutoa muziki katika kanuni inayotangazwa hadharani na kubadilishwa huku mlio ukiendelea ina historia ndefu zaidi, na mwambao unaotoka Karonga, ukavuka mto Songwe hadi tambarare ya Kyela na kuteremka upande wa mashariki hadi Manda na Liuli, unastahili nafasi katika historia hiyo.

Godfrey Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa eneo la Kyela, katika miaka ya 1930 pamoja na mkewe Monica, alichapisha mwaka 1939 maelezo ya maziko ya Wanyakyusa, ambamo vijana waliovaa njuga na kushika mikuki waliruka kwa mlio wa ngoma, kila mmoja akicheza peke yake kama mtu anayepambana na adui mmoja, na baadhi ya wanawake walipita katikati yao wakipiga ukelele wa vita. Umoja wa mchezo huo ulitokana na uhusiano uliojulikana na wote kati ya ngoma, silaha, umri na jinsia, wala haukuhitaji hatua zinazofanana. Lugha za programu zinazofuata mantiki, ambazo Prolog, iliyozaliwa Marseille mwaka 1972, ndiyo mashuhuri kuliko zote, hufanya kazi kwa njia iliyo karibu na hiyo: mwandishi hutaja mambo yaliyo kweli na masharti yanayoyaunganisha, na kompyuta hutafuta mipangilio isiyovunja sharti lolote, bila kuelekezwa hatua kwa hatua.

Wamishonari wa Kimoravia, waliofika Rungwe mwaka 1891 na baadaye kujenga kituo cha Ipyana karibu na ziwa, walileta nyimbo za kanisa na utaratibu wake. Lakini badiliko linalohusu zaidi habari hii lilikuja na Vita vya Kwanza vya Dunia. Karonga ilishambuliwa Septemba 1914, na mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia katika nchi ya Wanyakyusa na kuiteka Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu. Askari na wapagazi walizoea gwaride na bendi za jeshi, na vita vilipokwisha mazoea hayo yakaingia katika ngoma, kama yalivyokuwa yameingia katika beni iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Kandokando ya ziwa ngoma iliyotokana na mazoea hayo ikaitwa mganda, au malipenga kwa upande wa Malawi.

Ala zake ni vibuyu vyenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ambavyo mchezaji huimba ndani yake na utando ukaikwaruza sauti yake hata ikafanana na ya tarumbeta, pamoja na ngoma kubwa inayobeba mwendo. Wachezaji husimama kwa safu na vyeo vya kijeshi, na kiongozi hupuliza filimbi kuashiria kwamba sehemu moja imekwisha na nyingine ianze. Watafiti, akiwemo Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975, walivutiwa hasa na siasa ya ngoma hizi na ule mwigo wa jeshi la mkoloni. Huo ni upande mmoja tu, na umesababisha utunzi wenyewe upuuzwe kwa kiasi kikubwa. Filimbi ile ni amri fupi inayobadilisha mpangilio mzima bila kuukatiza mpigo, na hadhira huisikia amri pamoja na matokeo yake, kama vile wapigaji wa msimbo wanavyouonyesha ukutani msimbo wanaouandika ili watazamaji wauone ukibadilika.

Katika TidalCycles, programu iliyoanzishwa na Alex McLean, mpigaji huandika 3 na 8, na kompyuta husambaza mapigo 3 katika nafasi 8 kwa usawa unaowezekana, yaani kwa hatua za 3, 3 na 2. Mtafiti Godfried Toussaint alionyesha mwaka 2005 kwamba usambazaji huo, unaopatikana kwa hesabu ya Euclid, huzaa midundo mingi ya asili ya Afrika na kwingineko. Mganda nao unaweza kuchunguzwa kwa njia hiyo, na si lazima kuanza na ukurasa mtupu, kwa sababu mtafiti wa muziki A. M. Jones aliuandikia makala mahsusi mwaka 1945, alipokuwa akifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, na vikundi vya mganda vingali vinacheza katika wilaya ya Nyasa, ambako filimbi inaweza kusikilizwa na kila amri yake kuandikwa pamoja na badiliko linaloifuata.