Radi: Kutoka Philadelphia hadi Kiryandongo

Tarehe 28 Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, magharibi mwa Uganda. Wanafunzi 18 walifariki. Wakati huo nami nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka kwamba kila wingu lilipotanda tulivua sweta zetu nyekundu, kwa sababu tuliambiwa rangi hiyo huita radi. Insha hii inauliza: binadamu alijua lini namna ya kujikinga na radi?

Ulaya nayo ilikuwa na imani zake. Kwa karne nyingi watu waligonga kengele za kanisa ili kufukuza dhoruba. Mnara ulikuwa mrefu kuliko majengo mengine, hivyo radi iliupiga, na wagonga kengele wengi walikufa wakiwa wameshika kamba. Benjamin Franklin, mkazi wa Philadelphia, Marekani, aliamini kuwa radi ni umeme. Mei 1752, huko Marly-la-Ville, Ufaransa, jaribio alilolipendekeza lilifanyika: chuma kirefu kilichosimikwa nje kilitoa cheche wingu la radi lilipopita. Hapo kinga ilijulikana: chuma chenye ncha juu ya paa, na waya wa kupeleka umeme ardhini.

Baadaye wanasayansi walieleza mengi zaidi. Hewa yenye joto na unyevu hupanda juu. Ndani ya wingu chembe za barafu hugongana na kutenganisha chaji. Radi inapopiga, hewa hufikia joto la takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, hutanuka ghafla, nasi tunasikia ngurumo. Mwaka 1920 Mskoti C.T.R. Wilson alipendekeza kwamba mvua za radi za dunia nzima ndizo zinazodumisha umeme uliopo kati ya ardhi na anga. Vipimo vya meli ya utafiti Carnegie vilionyesha kuwa umeme huo hupanda na kushuka kwa wakati mmoja katika bahari zote, na kilele chake ni karibu saa nne usiku kwa saa za Uganda. Kwa hiyo mawingu ya Bonde la Kongo na Ziwa Viktoria, ambako radi ni nyingi mno, yanaihudumia dunia nzima.

Hata hivyo, kutoka 1752 hadi 2011 ni miaka 259. Runyanya ilifungiwa kinga ya radi miaka kadhaa baada ya vifo vile. Hivyo sikubali kwamba watoto wale waliuawa na ujinga wa kijiji chao. Elimu ilikuwepo, waya ndio haukufika.

Likizo iliyopita nilipita shuleni kwangu. Watoto bado wanavaa sweta nyekundu. Nilitazama paa la bati kutoka mwanzo hadi mwisho, nisione chuma chochote. Kwa maoni yangu, historia ya radi kwetu bado haijafika mwaka 1752.